Gesi ya Kutunza Maua na Pumzi ya Mfanyakazi



Kila mwaka, zikikaribia siku za tarehe 14 Februari, neno moja husikika katika mabanda ya maua yaliyo kando ya Ziwa Nyanza. Neno hilo ni hili: "Maua hayangoji." Kwa neno hilo akina mama husimama mezani tangu alfajiri mpaka usiku wakipanga mawaridi. Kwa neno hilo saa ya kula hukatwa nusu, na siku ya mapumziko hupotea bila kurudi. Mimi nimefanya kazi katika banda la kupanga maua kwa miaka kumi na mmoja, na neno hilo nimelisikia mpaka nimelizoea kama kengele ya asubuhi.

Leo nataka kuwaambia ndugu zangu kwamba neno hilo si kweli kama lilivyokuwa zamani. Maua yamefundishwa kungoja. Yaliyoyafundisha ni baridi na gesi. Na sisi tunaoishi karibu na gesi hizo siku zote, tuna haki ya kujua ni gesi gani, zinafanya nini, na zinaweza kutufanya nini.

Kwanza tuelewane juu ya jambo lenyewe. Kila mama anajua kwamba ukitaka ndizi mbichi ziive upesi, utaziweka pamoja na ndizi moja iliyoiva na kuzifunika. Ndizi iliyoiva hutoa hewa isiyoonekana, na hewa hiyo huziivisha nyingine. Jina la hewa hiyo ni ethilini. Mwaka 1901 mtaalamu wa Urusi, Dimitri Neljubov, aligundua kwamba ethilini iliyokuwamo katika gesi ya taa ndiyo iliyokuwa ikipindisha miche yake ya njegere. Mwaka 1934 Mwingereza Richard Gane akathibitisha kwamba matunda yenyewe huitoa. Ethilini hiyo hiyo huyafanya maua mengi yasinyae na kuangusha petali zake, na imo pia katika moshi wa injini. Ndiyo sababu tunakatazwa kuacha lori likinguruma mlangoni pa banda, na kuingiza ndizi mbivu katika chumba cha baridi. Wengi wetu tulikatazwa tu. Hakuna aliyetueleza sababu.

Wataalamu wakatafuta njia ya kuizuia ethilini. Mwaka 1978 huko Uholanzi wataalamu walionyesha kwamba dawa ya maji yenye madini ya fedha hulilinda ua lililokatwa. Dawa hiyo hufanya kazi vizuri, lakini fedha ni madini mazito, na maji yake hayafai kumwagwa ovyo mferejini. Baadaye Edward Sisler na Sylvia Blankenship, wa chuo kikuu cha jimbo la North Carolina huko Marekani, wakapata gesi nyingine, ambayo wenye biashara huiita 1-MCP. Gesi hii hukaa mahali ambapo ethilini ingekaa ndani ya ua au tunda, kama mtu aliyewahi kiti. Ethilini ikifika hukuta kiti kimekaliwa, na ua halipati habari ya kuzeeka. Marekani iliruhusu itumike kwa maua mwaka 1999, na kwa matunda mwaka 2002.

Ujanja wake mkubwa uko katika namna ya kuitoa. Gesi yenyewe haikai mahali pamoja, basi hufungwa ndani ya unga uliotengenezwa kwa wanga. Unga ukitiwa maji, gesi hutoka kwa kiasi kilichopimwa. Chumba hufungwa kwa saa kadhaa, kisha hufunguliwa na kupitishwa hewa. Kiasi kinachohitajika ni kidogo mno: sehemu moja, au pungufu ya moja, katika sehemu milioni za hewa. Parachichi zinazopelekwa Ulaya kwa meli kutoka Mombasa huweza kutunzwa kwa njia hii.

Mimi siipingi kazi hii. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilieleza mwaka 2019 kwamba kiasi cha asilimia 14 ya chakula duniani hupotea baada ya kuvunwa na kabla ya kufika madukani. Chakula hicho kimelimwa kwa jasho la watu. Anayekiokoa kisioze ameokoa jasho. Tena serikali ya Marekani ilipoichunguza 1-MCP iliona kwamba, ikitumiwa kwa kiasi kilichoamriwa, haitazamiwi kumdhuru mtu. Chama kinachosema kweli juu ya mwajiri lazima kiseme kweli juu ya gesi pia.

Ubaya uko mahali pengine. Katika mabanda yetu kila kitu kisichoonekana huitwa "gesi" tu. Yule msimamizi anayesema "hiyo ni gesi ya maua, haina neno" hutumia maneno hayo hayo kwa gesi isiyodhuru na kwa gesi inayoua. Mfanyakazi akizoea kwamba gesi haina neno, ataingia siku moja mahali ambapo ina neno.

Tutazame mfano. Iko njia nyingine ya kutunza matunda, nayo ni kupunguza oksijeni katika chumba kilichofungwa. Hewa tunayovuta ina oksijeni kiasi cha asilimia 21. Katika vyumba hivyo huteremshwa mpaka asilimia mbili au tatu, pengine moja, na mahali pake huwekwa naitrojeni, pamoja na kabonidayoksaidi kidogo. Tunda hulala usingizi. Franklin Kidd na Cyril West waliianzisha elimu hii huko Cambridge karibu miaka mia moja iliyopita, na leo iko hata ndani ya makontena ya meli. Lakini mtu si tufaha. Oksijeni ikishuka chini ya asilimia 10 mtu huweza kuzirai. Ikishuka zaidi, hufa katika dakika chache. Hakuna harufu wala moshi wa kumwonya. Huanguka kabla hajajua kuwa ana shida, na anayekimbilia kumwokoa bila chombo cha kupumulia huanguka juu yake.

Haya si maneno ya kutisha watoto. Mwezi Februari 2013, katika shamba moja la matufaha huko Hampshire, Uingereza, vijana wawili waliingia katika chumba chenye oksijeni ya asilimia moja. Walitumwa kuchukua matufaha mazuri ya kupeleka kwenye mashindano ya matunda. Ilikuwa desturi mahali pale kuingia kupitia tundu la juu huku umezuia pumzi, na desturi hiyo walikuwa wameipa jina la mchezo wa kupiga mbizi. Vijana wale hawakutoka wakiwa hai. Mwaka 2015 mahakama ilimhukumu meneja wa shamba kifungo cha miaka miwili na nusu.

Ndugu zangu, Uingereza ina wakaguzi, ina sheria za siku nyingi, na vijana wale walikuwa wakisema lugha iliyoandikwa kwenye kibao cha mlangoni. Je, sisi? Vibao vyetu vingi ni vya Kiingereza. Mfanyakazi aliyetoka Kongo au Rwanda, au mama aliyeishia darasa la nne, atakisomaje? Hapa Uganda tumekwisha onja jambo la namna hii. Mwaka 2016 makumi ya wafanyakazi wa shamba moja la maua walipelekwa hospitali kwa sababu ya mvuke wa dawa ya kufukizia udongo. Dawa ile haikuwa ya kutunza maua yaliyovunwa, lakini somo ni lile lile: gesi ilijulikana kwa waliokuwa ofisini, haikujulikana kwa waliokuwa wakiivuta.

Nitasimulia kidogo ya kwangu. Mwaka mmoja nilitumwa na nyapara nikachukue makasha katika chumba kilichofungwa tangu usiku. Nikamwuliza kama hewa imepitishwa. Akanijibu, "Wewe ni daktari?" Nikaingia, nikatoka salama, kwa kuwa ilikuwa ile gesi ndogo isiyodhuru. Lakini hayo niliyajua baadaye. Siku ile nilikuwa sijui, na yeye pia alikuwa hajui. Tulikuwa vipofu wawili, mmoja anamtuma mwenzake.

Kwa hiyo naomba matawi yetu yapeleke mambo haya katika mazungumzo ya mkataba na waajiri.

Moja, kila gesi na kila dawa ya kufukiza iitwe kwa jina lake, na jina hilo na hatari yake viandikwe mlangoni kwa lugha ambazo wafanyakazi wanazisema, Kiswahili kikiwa mojawapo.

Mbili, chumba chochote chenye oksijeni iliyopunguzwa kifungwe kwa kufuli, na kisifunguliwe kabla hewa haijapitishwa na kupimwa. Kipimo chenyewe hushikwa kwa mkono mmoja. Asiingie mtu peke yake, na asiingie mtu kwa kuzuia pumzi.

Tatu, maji yenye madini ya fedha yakusanywe, na anayeyashika apewe glavu na aproni bila kukatwa mshahara.

Nne, mfanyakazi anayekataa kuingia mahali penye hatari iliyo dhahiri asifukuzwe wala asipoteze siku yake. Haki hii hatukuibuni sisi. Imo katika Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1981, na katika Mkataba namba 184 wa mwaka 2001 unaohusu kilimo. Mwezi Juni 2022 shirika hilo liliiweka kazi salama miongoni mwa haki za msingi za kila mfanyakazi. Na sheria ya Uganda ya mwaka 2006 inamwekea mwajiri wajibu wa kulinda usalama na afya ya watu wake.

Tano, ambalo najua litachekwa: saa za kazi zipangwe upya. Ikiwa ua linaweza kungoja kwa sababu limepewa baridi na dawa, basi mama anayelipanga naye aweze kulala. Sisemi kwamba ua litangoja wiki nzima, wala kwamba ndege ya Entebbe itachelewa kwa ajili yetu. Nasema kwamba muda ulioongezwa katika maisha ya ua ni mali. Mpaka sasa mali hiyo imegawanywa kati ya mwenye shamba, mnada na duka la Ulaya. Aliyesimama mezani hajapata hata robo saa.

Mwajiri atasema, "Mkidai hayo, wanunuzi watakwenda Kenya au Ethiopia." Jibu letu ni kwamba ndugu zetu wa Kenya, Ethiopia na Tanzania huambiwa wanunuzi watakuja Uganda. Mchezo huu utakwisha siku vyama vya nchi hizi jirani vitakapoweka masharti mamoja juu ya gesi na juu ya saa za kazi. Ndiyo maana naandika katika kurasa hizi za Kiswahili, ili mwenzangu wa Naivasha na wa Arusha naye asome, na atuandikie mkataba wao unasema nini.

Katibu wa tawi anayesoma haya asingoje semina. Kesho asubuhi amwulize meneja swali moja mbele ya wafanyakazi: "Katika chumba kile, leo, kuna gesi gani?" Meneja akijibu kwa jina, tumeanza vizuri. Akisema "gesi tu", basi mtu asiingie mpaka jibu lipatikane.

Umoja ni nguvu.