Mikwaju Huokolewa Karibu na Shimo



Miongoni mwa maswali yaliyotufikia, limo moja ambalo huenda baadhi yenu hamkulitarajia katika safu hii: mtu aliyeanza kucheza gofu ukubwani atauboresha vipi mchezo wake bila ya kufilisika? Swali hili lina uzito wake. Vijana wetu, na baba zao pia, siku hizi huonekana katika viwanja vya Mombasa, Nyali na Vipingo, na aghalabu hurudi nyumbani na lalamiko moja, kwamba mpira hauendi mbali. Kisha hufuata safari ya dukani kununua fimbo mpya, kwa pesa ambazo nyumbani zilikuwa zimekwisha kupangiwa kazi nyingine.

Dawa ya maradhi haya, kwa hakika, haimo dukani. Tuanze na hesabu. Uwanja wa mashimo 18 aghalabu hupangiwa mikwaju 72. Katika hiyo, kila shimo limewekewa mikwaju miwili ya kuusukuma mpira juu ya zile nyasi fupi zinazolizunguka shimo. Miwili mara 18 ni 36, yaani nusu kamili ya mchezo. Ama ile fimbo ndefu inayonunuliwa kwa bei kubwa, hutumika mara 14 hivi kwa kukadiria, maana yale mashimo mafupi hayaihitaji. Basi mwenye kutaka kupunguza mikwaju yake na aanzie pale ilipo mingi.

Kusukuma mpira ni kazi unayoweza kujifunza nyumbani. Tandika busati sebuleni, weka bilauri ya plastiki mwishoni, ujifunze kuugonga mpira uiguse bilauri kwa umbali wa hatua moja, kisha mbili, kisha tatu. Upana wa shimo la gofu ni milimita 108. Bilauri ni nyembamba kuliko hivyo, na atakayeizoea ataliona shimo la uwanjani kuwa pana. Watoto nao washirikishwe, kwani zoezi hili halichagui umri.

Ukifika uwanjani, kumbuka kwamba kinachowapotezea wengi mikwaju ni kukosea umbali zaidi kuliko kukosea mwelekeo. Mpira wa mbali ukiupiga kwa kadiri, hata usipoingia utabaki jirani na shimo, na mkwaju wa pili utakuwa mwepesi. Kwa mpira wa karibu, kusudia kwamba ukikosa shimo ulipite kwa kiasi cha dhiraa moja tu. Zitazame na nyasi zenyewe. Katika nchi za joto kama yetu, mara nyingi majani hulala upande mmoja. Yakionekana kung'aa mbele yako, yamelala kuelekea uendako, na mpira utakimbia. Yakionekana meusi, yamekuelekea wewe, na mpira utachelewa.

Hatua ya pili ni mpira uliosimama pembezoni, hatua chache tu kabla ya nyasi fupi. Hapo mgeni wa mchezo hutaka kuurusha juu, nao ama humpita mbali au hubaki miguuni pake. Egemeza uzito kwenye mguu ulio upande wa shimo, mikono itangulie mpira kidogo, kisha ugonge kwa mwendo mfupi usio na papara. Uache mpira utue mapema juu ya nyasi fupi, halafu ubiringike wenyewe. Na ukiangukia mchangani, usiugonge mpira. Piga mchanga, vidole viwili au vitatu nyuma yake, na mchanga ndio utakaoutoa.

Kuhusu ushikaji, Harry Vardon wa kisiwa cha Jersey, aliyeshinda mashindano ya Open ya Uingereza mara 6, ndiye aliyeueneza ule mtindo ambao wengi huufuata hadi leo. Kwa mtumiaji wa mkono wa kulia, mkono wa kushoto hukaa juu, na kidole kidogo cha mkono wa kulia hupanda juu ya pengo lililo baina ya kidole cha shahada na cha kati cha mkono wa kushoto. Fimbo isikabwe. Nahodha hukamata usukani kwa utulivu, kwa kuwa akiukaza sana hausikii mwendo wa chombo. Na mchezaji wa gofu ni vivyo hivyo.

Sisi watu wa pwani tuna mtihani wetu, nao ni upepo. Kusi likivuma usoni, usiongeze nguvu, kwa sababu mpira uliopigwa kwa nguvu huzunguka zaidi, ukapanda juu, na upepo ukaurudisha. Chukua fimbo ndefu kidogo kuliko ambayo ungeitumia siku ya shwari, ishike chini kidogo, upige polepole. Mpira utapita chini ya upepo.

Limebaki jambo ambalo ndilo msingi wa yote, nalo ni kuandika hesabu ya kweli. Katika gofu, mara nyingi mchezaji ndiye hakimu wa nafsi yake. Mwaka 1925, katika mashindano ya US Open ya Marekani, Bobby Jones aliona mpira wake umetikisika alipokuwa akijiandaa kuupiga. Wengine hawakuliona jambo hilo. Akajihesabia mkwaju wa adhabu. Mwishowe akalingana na Willie Macfarlane, wakarudiana, na Jones akashindwa kwa mkwaju mmoja. Lau asingejihesabia ule wa adhabu, kombe lingekuwa lake bila ya kurudiana.

Uaminifu huu una faida hata kwa mwanafunzi wa mchezo. Katika karatasi yako, andika kando ya kila shimo ni mikwaju mingapi ulisukuma juu ya nyasi fupi. Baada ya majuma manne, soma. Ukikuta mitatu mitatu imejaa, umeijua kazi yako. Anayejipunguzia hesabu huuficha ugonjwa, kisha akalalamika kwamba dawa haifai.

Mwisho, ndugu msomaji, mashimo 18 huchukua saa nne au zaidi, na siku ya mapumziko ina haki za wengine pia. Mashimo 9 ya asubuhi, kabla ya jua kukaza, yanamtosha anayejifunza, na uwanja wa Mombasa ulio kando ya bahari una mashimo 9 tu. Haba na haba hujaza kibaba. Robo saa ya bilauri na busati kila jioni, pamoja na watoto, itakufaa kuliko fimbo mpya, na pesa zitabaki nyumbani.

Tukutane juma lijalo, inshallah.