Darasa la kwanza kabla ya Darasa la Kwanza

Gari la shule lilikuwa likipita Bombambili saa 11:30 alfajiri. Kwa anayeijua Songea ya mwezi Juni, hiyo si asubuhi, bado ni usiku wa baridi. Mama mmoja, fundi cherehani, alikuwa akimvalisha mwanaye wa miaka mitano sweta huku mtoto amelala, anambeba hadi barabarani na kumkabidhi kwa matroni. Saa 10 jioni mtoto alirudi na madaftari yaliyojaa vema, lakini ukimuuliza amejifunza nini alikuwa akisinzia kabla ya kujibu.

Julai shule zilipofunguliwa, mtoto hakurudi.

"Baba watoto, huyu nitamfundisha mwenyewe," mama alimwambia mumewe kwenye simu. Mume ni dereva wa lori, siku hiyo alikuwa Makambako.

"Utamfundisha nini, mama watoto? Kushona?"

Alikuwa anatania, lakini swali lenyewe ni zuri. Mzazi yeyote anayefikiria kumfundisha mtoto mdogo nyumbani anapaswa kulijibu kabla hajanunua hata penseli. Utamfundisha nini, kwa mpango wa nani, na mpaka lini?

Mama huyu aliingia mtandaoni. Humo kuna ulimwengu mzima wa wazazi wanaofundisha nyumbani, na wengi wako Marekani, ambako majimbo yote 50 yanaruhusu. Akapakua mtaala wa bure wa huko, akaenda kuuchapisha kwenye duka la fotokopi mjini, akarudi na bunda la karatasi. Kwa wiki mbili kila siku baada ya chakula cha mchana walikaa mezani saa mbili nzima. Ukurasa mmoja ulimtaka mtoto apake rangi nguo za kuvaa wakati wa theluji. Mwingine ulimtaka ahesabu sarafu ambazo hajawahi kuziona. Wiki ya tatu mtoto aliona bunda linatolewa kabatini akaanza kulia, na mama naye akalia, jikoni, asionekane.

Aliyewaokoa ni jirani, mwalimu mstaafu aliyefundisha Darasa la Kwanza miaka mingi. Alikuja kupunguza sketi, akaliona bunda mezani, akamuuliza mtoto swali moja tu. "Mjukuu wangu, neno 'mama' linaanza na sauti gani?" Mtoto akajibu kwa haraka, "Em!" Mwalimu akatikisa kichwa. Mtoto alijua jina la herufi kwa Kiingereza, hakujua kwamba herufi ile ni mlio anaoutoa mwenyewe kila anapomwita mama yake.

Hapo ndipo wazazi wengi hukosea. Tunaogopa mtoto "atachelewa Kiingereza", basi tunamwanzishia kusoma kwa lugha ambayo haongei. Kiswahili kimetupa bahati ambayo wenye Kiingereza hawana: kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Irabu ni tano tu, na hazibadiliki. Mtoto akishazishika a, e, i, o, u, akaongezewa mlio wa m, tayari ana ma, me, mi, mo, mu, na jioni hiyohiyo anaweza kusoma "mama" na "mimi" bila kubahatisha. Akiongezewa b, l, t na k, ana maneno ya kutosha kutengeneza sentensi. Zile zinazokwenda pamoja kama mb, nd, ng' na ny husubiri. Mtoto aliyegundua kwamba maandishi ni maneno yake mwenyewe yaliyokaa kwenye karatasi atakwenda na ugunduzi huo hata kwenye Kiingereza, akifika.

Sasa tuje kwenye mtaala, neno linalotisha kuliko linavyostahili. Mtaala ni maelezo ya mambo ambayo mtoto anatarajiwa kuyaweza. Kitabu ni chombo cha kumfikisha huko. Mzazi anayekwenda dukani akanunua vitabu vitatu vya picha hajachagua mtaala bado, amenunua majembe bila kujua shamba liko wapi.

Kwa mtoto atakayesoma Tanzania, shamba liko wazi. Taasisi ya Elimu Tanzania, TET, ndiyo inayoandaa mtaala wa elimu ya awali, na maboresho ya mwaka 2023 yalianza kutumika madarasani Januari 2024. Taasisi hiyo ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada ambavyo mzazi anaweza kuvisoma kwenye simu bila kulipia kitabu. Bando ni lako, kwa hiyo fungua unachohitaji kwa wiki, usijaribu kubeba maktaba nzima siku moja.

Inafaa kutazama mtaala wa awali wa mwaka 2016 ulivyopangwa, kwa sababu unashangaza. Ulikuwa na umahiri sita: kuhusiana, kuwasiliana, kutunza afya, kutunza mazingira, stadi za kisanii, na stadi za awali za hisabati. Hesabu ni moja kati ya sita. Kusoma na kuandika vimo ndani ya kuwasiliana, pamoja na kusikiliza na kuzungumza. Cha kwanza kabisa ni kuhusiana, yaani mtoto kuishi na wenzake, kungoja zamu, kuomba radhi. Mzazi anayemkalisha mtoto wa miaka mitano na daftari tangu asubuhi anafundisha sehemu ndogo ya mtaala, tena kwa njia ngumu.

Na vipindi vya awali ni vya dakika 20. Mwalimu mstaafu alisisitiza jambo hili zaidi ya mengine yote. Dakika 20 za sauti na herufi asubuhi mtoto akiwa na nguvu, dakika 20 za hesabu baadaye, kisha kazi na michezo. Saa mbili baada ya ugali si masomo, ni adhabu kwa wote wawili.

Basi mama akaliweka bunda juu ya kabati na kuvuta kopo la vifungo.

Nyumba ya fundi cherehani ni shule ambayo mwenyewe haioni. Vifungo vilipangwa kwa rangi, kisha kwa ukubwa, kisha kwa idadi ya matundu, viwili huku na vinne kule. Mama alipanga vifungo saba kwa kubananisha, halafu akavitawanya mezani na kuuliza kama vimeongezeka. Mtoto akasema ndiyo. Watoto wengi wa umri huo husema hivyo, na si ujinga. Ni akili inayokua, na dawa yake ni kuhesabu tena kwa kidole, siku baada ya siku, mpaka mwenyewe acheke swali. Futi ya kupimia ikawa mstari wa namba. Vipande vya kitambaa vikakatwa miraba na pembetatu kwa mkasi mdogo, na mkono unaoshika mkasi vizuri ndio utakaoshika penseli vizuri. Kufunga na kufungua vifungo vya shati kuna kazi hiyohiyo. Maria Montessori, daktari Mwitaliano aliyefungua nyumba yake ya watoto Roma mwaka 1907, aliwatengenezea watoto fremu za vitambaa vyenye vifungo kwa ajili ya zoezi hilo. Fundi wa Bombambili anazo bila kununua.

Asiye fundi ana mahindi. Hakuna nyumba Songea inayokosa mahindi ya kupukuchua baada ya mavuno. Punje kumi kwenye kila kisoda ni somo la makumi ambalo shule huliandalia zana.

Mama mkwe hakupendezwa mapema. Alivumilia mwezi mzima, kisha akasema barazani, taratibu, kama wasemavyo wakubwa. "Mwanangu, mtoto hulelewa na wenzake. Humu ndani atajifunza ubishi wako tu."

"Sawa mama, nimekusikia. Lakini wewe mwenyewe ni mwalimu, sema huna chaki."

Halikuwa jibu la kumbembeleza mkubwa. Kila jioni bibi alikuwa akisema "Kitendawili!" na mtoto akijibu "Tega!", na hakuna kitabu cha awali kinachojenga msamiati na usikivu kuliko hilo. Bibi akapewa kipindi chake rasmi, cha hadithi, kwa sharti moja: katikati ya hadithi asimame amuulize mtoto anadhani kitafuata nini. Runinga nayo ikapewa nafasi ndogo. "Akili and Me", katuni iliyotengenezwa Tanzania kwa watoto wa miaka mitatu hadi sita, hupatikana kwa Kiswahili, na kipindi kimoja kinatosha. Siku za Jumamosi baba akiwepo waliupanda mlima wa Matogoro kidogo, huko ambako mto Ruvuma unaanzia, na mtoto akarudi na mifuko imejaa mawe ya kuhesabu.

Ila bibi alikuwa sahihi kuhusu wenzake. Mama alikubaliana na majirani wawili watoto wao waje kucheza asubuhi mbili kwa wiki. Wa tatu alipotaka kumleta wake kwa malipo, mama akakataa, na hapa wazazi wengi huteleza. Ukishaanza kupokea watoto wa watu kwa ada, hiyo si nyumba tena, ni kituo cha kulelea watoto, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka kituo kiwe na usajili. Afisa ustawi wa jamii anaweza kukuelekeza kabla mambo hayajaharibika.

Mwaka uliofuata ukapita hivyo. Oktoba yake mtoto alikuwa anasoma. Siku moja akiwa amekaa mbele kwenye daladala alilifikia neno gumu kwenye kibao, lile lenye mb mbili, akalivunja polepole. Bo-mba-mbi-li. Akanyamaza, kisha akauliza, "Mama, mbona si mabomba mawili?" Dereva alicheka mpaka kituo kinachofuata.

Februari inayofuata mtoto angetimiza miaka saba. Baba, aliyekuwa ameuliza kama watashona, sasa ndiye aliyesema, "Kwa nini tumpeleke? Anasoma kuliko mtoto wa kaka aliye Darasa la Pili. Endelea naye tu." Na mama alitamani. Alikuwa amewaona watoto wanavyobanana madarasani, akaogopa kwamba wake atakaa nyuma, atanyamaza, na kile kiu cha kuuliza kitakauka.

Hofu hiyo ina msingi na haifai kubezwa. Lakini Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto aliyefika miaka saba anaandikishwa shule ya msingi na anahudhuria, na asiyefanya hivyo anaweza kushtakiwa. Tanzania haina utaratibu kama wa Afrika Kusini, ambako sheria ya shule ya mwaka 1996 inamruhusu mzazi kuomba kumsajili mtoto asomee nyumbani. Huku kwetu, mtoto asiyekuwa shuleni hana namba ya PReM, ile inayomfuata mwanafunzi anapohama shule, na wanaofanya Upimaji wa Darasa la Nne na mtihani wa kumaliza shule ya msingi husajiliwa kupitia shule. MEMKWA ipo, lakini iliwekwa kwa walioikosa shule, si kwa mtoto ambaye mzazi wake aliamua asiende. Mtoto wa miaka sita anayesoma vizuri nyumbani haonekani kuwa na tatizo. Ni akifika miaka kumi au kumi na moja ndipo mlango unapoonekana umefungwa, na wakati huo atakayegonga ni yeye.

Mwalimu mstaafu aliwaeleza hayo kwa upole, huku akisubiri sketi nyingine. Akaongeza kwamba shule ya msingi ya serikali iliyo karibu haidai ada na haihitaji gari la alfajiri. Angekuwa yeye, alisema, hata mwaka wa awali angempeleka mtoto huko kwa nusu siku na kuendelea na vifungo jioni. Sera yenyewe inataka mtoto apitie mwaka mmoja wa awali. Mama hakujibu. Pengine ni kweli.

Kumfundisha nyumbani hakukomi kwa kumwandikisha. Wazazi wote nchini walilazimika kuwa walimu shule zilipofungwa Machi 17, 2020 kwa sababu ya korona, mpaka shule za msingi zilipofunguliwa Juni 29. Waliokuwa na desturi ya dakika 20 kwa siku hawakuanza upya. Waliotegemea shule kwa kila kitu walihangaika.

Novemba mama alikwenda shuleni na cheti cha kuzaliwa. Mwalimu aliyekuwa akiandikisha aliuliza mtoto amesoma awali wapi. "Nyumbani," mama akasema, akijiandaa kwa maneno. Mwalimu akamsogezea mtoto kitabu, akamsikiliza akisoma mistari mitatu, akaandika jina lake.

Wiki ya kwanza ya Januari haikuwa nyepesi. Kusoma hakukumsumbua. Kilichomsumbua ni kungoja. Alizoea kuuliza na kujibiwa papo hapo, na sasa alikuwa mmoja kati ya wengi, mkono juu, zamu haiji. Siku ya tatu alirudi amenuna, akasema mwalimu hamwoni. Mama alimpa kopo la vifungo, akaketi karibu yake, cherehani imezimwa. Siku ya nne alirudi na rafiki anayeishi nyumba ya tatu kutoka kwao, naye hajui "mama" linaanza na sauti gani. Wakamwaga vifungo mkekani wote wawili.