Mshahara wa Barça sasa unatuhusu

Wandugu, kila wikendi tunagombana: muchezaji anastahili mamilioni yote ile? Siku zote tulijibu: shauri yao, televisheni na watu wa tikiti ndio wanalipa. Tena Léopards wetu, Abidjan 2024, walifunika mdomo na kuelekeza vidole kwenye kichwa ju ya damu ya Mashariki. Hao hatuwaonei wivu hata kidogo.

Lakini Julai 2025 inchi yetu ilisaini na Barça, miaka 4. Magazeti yalitaja zaidi ya milioni 40 za euro. Basi mshahara ule unatoka pia kwenye mfuko wetu, sisi wenye diploma bila kazi, na wa mwalimu anayehesabu miezi. Tunadai serikali ituonyeshe mkataba mzima: pesa ngapi, toka sanduku gani.