MAONI YETU: ANAYEJIFUNZA KAZI MPYA AJITAZAME KWANZA



Msimu wa mauzo unakaribia, na chama chetu kitawapeleka wenzetu kujifunza kazi ya karani wa mizani na utunzaji wa vitabu. Maneno yamekuwa mengi hapa Masoko. Wapo wanaosema wapelekwe vijana wenye cheti cha Kidato cha Nne tu, basi. Wapo watu wazima wanaojitoa wenyewe: "Mimi ni wa jembe, kalamu nitaiweza wapi?" Sisi wa Kamati ya Elimu hatukubaliani na upande wowote.

Kwanza tuelewe uzito wa kazi yenyewe. Kakao ya Rungwe, Busokelo na Kyela inauzwa mnadani kwa mfumo wa stakabadhi ghalani. Mkulima akishauacha mzigo wake, kinachobaki mkononi mwake ni karatasi. Karani akiandika kilo 47 mahali pa kilo 74, mama wa watu amepoteza kilo 27, na huko mnadani hakuna atakayejua. Kwa hiyo kujua kujumlisha hakutoshi. Anatakiwa mtu mwenye tabia ya kuandika pale pale, si jioni wala kesho.

Nchi yetu imewahi kujaribu jambo la namna hii kwa ukubwa. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974 ilibidi watoto wote waingie shule, na mwaka 1977 mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote ukaanza. Walimu hawakutosha. Vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa wafundishe huku wanajifunza ualimu, kwa masomo ya posta, vipindi vya redio na usimamizi wa walimu wakongwe. Wapo waliolalamikia mpango ule, na kweli mafunzo yalikuwa ya haraka. Lakini wapo waliodumu darasani miaka mingi wakawa walimu wa kutegemewa. Cheti cha darasa la saba walikuwa nacho wote. Tofauti ilitoka kwingine, na sisi tunasema sehemu kubwa ilitoka katika tabia: nani anaandaa somo usiku, nani anakubali kukosolewa.

Sasa tujitazame sisi wenyewe. Mkulima anayevundika kakao siku tano hadi saba, akiifunika kwa majani ya migomba na kuigeuza, anajua kuwa kazi haiharakishwi. Huyo ataweza kukaa na hesabu isiyolingana mpaka ilingane. Mama anayekamua ng'ombe kila alfajiri, mvua inyeshe isinyeshe, tayari anayo nidhamu ya vitabu vya kila siku. Basi asiseme ati anaanza na mikono mitupu.

Lakini wahenga walisema mazoea yana taabu. Tabia ile ile inayosaidia kazi ya zamani huweza kuharibu kazi mpya. Muuza ndizi wa Tukuyu anawakumbuka wadeni wake wote kwa kichwa. Hiyo ni akili kubwa, tena ni mtego, kwa sababu anayeamini kichwa chake haandiki. Kijana wa bodaboda ni mwepesi na anajua watu wote, lakini amezoea kukimbilia abiria wa pili, na mizani husomwa ikishatulia.

Liko na la heshima. Kwa mila za Kinyakyusa mkamwana alikuwa humwepuka baba mkwe, hata njiani. Je, mkamwana akiwa ndiye karani, na baba mkwe ameleta gunia ambalo kakao yake haijakauka, atasema? Akinyamaza, hasara ni ya chama kizima. Hatusemi heshima itupwe. Tunasema ajijue mapema, aombe kila mzigo ukaguliwe na watu wawili, ili anayesema liwe ni sharti la chama na si mdomo wake.

Kwa hiyo tunashauri kila atakayekwenda mafunzoni afungue daftari na ajibu maswali matatu. Kazi gani naifanya kila siku bila kusukumwa? Kazi gani naiahirisha kila mara? Nikikuta nimekosea, nasema au nafuta kimya kimya? Akishaandika, ampe mwenzake wa karibu asome, maana nyani haoni kundule. Kila mwisho wa wiki alirudie daftari lile na kuandika kipi kimepungua na kipi bado. Maneno matamu ya kujisifu hayahitajiki humo.

Na mtu asione haya kwa kuwa ujuzi wake haukutoka darasani. Hata VETA huwapima mafundi waliojifunzia kazini na kuwapa vyeti wanaostahili. Serikali ikikubali kwamba mkono unaweza kujifunza nje ya shule, sisi wanakijiji tutakataaje?

Ombi letu kwa mkutano mkuu ni hili. Majina yatakapotajwa, tusiulize cheti peke yake, wala tusimchague mtu kwa ufasaha wa ulimi au kwa kuwa ni mtoto wa fulani. Tuulize: tumemwona akifanya nini siku ambazo hakuna anayemtazama? Anarudisha jembe la watu? Akikopa anakumbuka tarehe? Majirani wanajua majibu, na waseme mkutanini, si kilabuni baada ya mkutano.

Mzigo ni wetu sote. Elimu haina mwisho.

Kamati ya Elimu