Kindege cha Ukingoni Amani

Jumapili moja tulichanga fedha, marafiki wanne wa Tanga, tukakodi gari kwenda Amani kumtazama ndege. Mke wa mwenzetu mmoja, fundi wa mitambo, aliuliza kama ndege huyo analiwa. Alipojibiwa kuwa haliwi, alimtazama mumewe kwa muda, kisha akamfungashia maandazi.

Amani iko juu ya Muheza, katika milima ya Usambara Mashariki. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti hapo mwaka 1902. Mwingereza Reginald Moreau alifika kituoni mwaka 1928, akawa akiwachunguza ndege wa milima hiyo kwa msaada wa Mwafrika hodari, Salimu Asmani. Mwaka 1931 ndege tuliyemfuata aliingia katika maandishi ya wataalamu kwa jina la Moreau. Ningeulizwa mimi, ndugu msomaji, ningelitafutia nafasi jina la Asmani pia. Duniani kote ndege huyo anajulikana mahali pawili tu: milima hii na nyanda za juu za Njesi, kaskazini mwa Msumbiji.

Tulitazamia kuingizwa katika msitu mnene. Badala yake mzee aliyetuongoza alitusimamisha ukingoni, karibu na shamba la chai, penye mimea itambaayo iliyosokotana juu ya miti kama nyavu zilizotupwa ovyo. Tukasimama saa mbili. Shingo zikauma. Habari za maandazi zikaanza kutajwa.

Mara ikasikika sauti kali ya kurudiarudia, kama mtu agongaye chuma chembamba. Mzee akanyosha kidole. Kindege cha kijivu, mdomo mrefu mwembamba, kilichungulia katikati ya majani, kikahamia tawi la pili, kikapotea.

"Ndiye huyo?" akauliza fundi. "Mzee wangu, huyo hafikii hata kifaranga cha kuku!"

Mzee hakukasirika. Alituambia kuwa kindege hicho hukaa katika mimea itambaayo, nayo hustawi pale mti mkubwa unapoanguka na jua likapata njia. Anayefyeka ukingo wa msitu ili papendeze, amekwisha kumbomolea nyumba. Kisha akatuonyesha sehemu ng'ambo ya njia, nyeupe, haina hata kamba moja ya mmea.

"Pale palikuwa na kichaka kuliko hiki," alisema. "Nilikifyeka mimi, ujanani, kwa panga langu. Nikasifiwa kwa usafi. Asubuhi walikuwa wakilia pale wawili, nami sikujua ni nani."

Fundi akavua kofia, akakaa juu ya gogo. Ndipo maandazi yalipofunguliwa, na la kwanza alipewa mzee.

Katika kushuka mlima hakuna aliyesinzia. Fundi alikaa dirishani, akikagua kingo zote za msitu. Nyingi zilikuwa zimefyekwa safi. Hadi tulipouacha msitu nyuma yetu, alikuwa amehesabu vichaka vitatu.