Keringet Haihitaji Video

Nairobi watu wanaogopa video: mgombea anatukana kabila fulani, mdomo unafuata maneno sawasawa, kumbe hakuwahi kuyasema. Sawa, iogopwe. Lakini huku Keringet, Kuresoi Kusini, bando inahesabiwa na video nzito haifiki mbali. Kinachofika ni sauti. Sekunde arobaini za WhatsApp, kwa Kikipsigis, Kikuyu au Kikisii, sauti ya mzee mnayemjua, ikisema wale jamaa wanakuja usiku.

Texas ilipopitisha sheria yake ya 2019 kuhusu ghushi za uchaguzi, ilitaja video pekee. Tukiinakili hiyo, tumejilinda na mvua ya jirani.

Hapa si mahali pa majaribio. Kuresoi na Molo ziliwaka 1992, zikawaka tena baada ya kura ya Desemba 2007. Nyumba zikachomwa, watu wakatimuliwa mashambani mwao, na hakuna aliyehitaji kompyuta. Uvumi ulitosha. Sasa mpe mwenye uvumi sauti ya chifu.

Na tumeshaonjeshwa. Kabla ya uchaguzi wa Agosti 8, 2017, zilisambaa video zenye nembo za CNN na BBC, zikitangaza kura za maoni ambazo vituo hivyo havikutangaza. Ile ilikuwa kazi ya kuhariri tu. Leo simu inatosha.

Kwa hivyo tunataka sheria? Ndiyo. Ila tuangalie kwanza tuliyopewa. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2018 ilikuja na kifungo cha hadi miaka 10 na faini ya hadi milioni 5 kwa kuchapisha habari za uongo. Nani ameionja? Juni 2025 aliyefikishwa kortini chini ya sheria hiyo alikuwa kijana aliyetengeneza tovuti ya kuwasaidia Wakenya kutuma barua pepe kupinga Mswada wa Fedha. Hakughushi sauti ya mtu. Oktoba 15, 2025, Rais akatia sahihi marekebisho ya kuiongezea makali. Wavu huu unanasa dagaa na kuwaachia papa.

Sheria ya maana ingekuwa fupi. Imshike aliyelipa: mgombea, chama, na yule bloga wa kukodiwa. Itaje sauti kwa jina. Iache kejeli, katuni na memu za vijana, maana hakuna anayechoma nyumba kwa sababu ya memu. Iilazimishe IEBC kukanusha ghushi siku hiyo hiyo, kwa lugha ile ile iliyotumika kudanganya, kupitia redio ambazo watu wa Kuresoi husikiliza. Kukanusha kwa Kiingereza kwenye X ni kujikanushia mwenyewe.

Tena imbane mwanasiasa upande wa pili. Akirekodiwa kweli akichochea, atasema, "Hiyo ni AI." Basi alete ithibati mbele ya hakimu, chini ya kiapo. Akidanganya, jina litoke kwenye karatasi ya kura.

Kura ni Agosti 10, 2027. Wabunge wako na muda wa kuandika kurasa tatu. Wakisema hawana, waulizeni walipata wapi muda wa kuandika zile za kutushika sisi.