Imani Hujulikana Siku ya Msiba

Mkulima wa chai katika Nyamira hawezi kuujua uzima wa mche wake wakati wa masika, kwa maana wakati huo kila mche huwa na majani mabichi. Huujua wakati wa kiangazi. Mche wenye mizizi mifupi hunyauka, na ule uliozamisha mizizi chini hustahimili. Ndivyo ilivyo imani ya Mkristo. Siku ya ibada wote huimba vizuri; lakini mtoto akifa ghafula, au ng'ombe wakianguka mmoja baada ya mwingine, ndipo hujulikana ni nani mwenye mizizi.

Kujaribiwa namna hii si jambo geni katika nchi ya Kisii. Wamisionari Wakatoliki walifika Nyabururu mwaka wa 1911, na muda mfupi baadaye Waadventista wa Sabato wakajenga Nyanchwa. Septemba 1914 Wajerumani walifika hata mji wa Kisii, wamisionari wakaondoka, na vituo vyote viwili vikaporwa. Mtu aliyeitazama kazi ile siku hizo angesema imekwisha. Hata hivyo ilianzwa upya, polepole, kwa kuwafundisha watu kusoma. Mwaka wa 1948 Agano Jipya lilitolewa kwa Ekegusii, na mwaka wa 1988 Biblia nzima, hata leo bibi kizee aweza kusomewa na mjukuu wake kwa lugha ya mama yake.

Basi makanisa ni mengi, na vitabu vipo. Lakini Mei 2008 watu 11 walichomwa moto katika Kisii kwa kushukiwa uchawi, na Oktoba 2021 wanawake wazee 4 wakauawa huko Marani kwa shutuma iyo hiyo. Mambo hayo yalitendeka katika nchi ambayo karibu kila kilima kina kanisa lake.

Mwanzo wake ni hofu. Mwenye msiba hutaka kumjua aliyeuleta, na kumtafuta mtu wa kulaumu ni rahisi kuliko kuitafuta sababu. Mara nyingi anayeonyeshwa kidole ni mjane asiye na wa kumtetea. Pengine ndani yake mna choyo, kwa kuwa mashamba ya Kisii ni madogo na warithi ni wengi. Pengine ni ugonjwa tu: madaktari wameeleza kwamba kuna maradhi ya uzee yanayoharibu ubongo, hata mtu akasahau nyumba yake, akatangatanga usiku, akaonekana mlangoni pa jirani asijue alivyofika hapo. Mgonjwa wa namna hiyo hahitaji ila kushikwa mkono na kurudishwa kwake.

Je, Mkristo atajiimarishaje? Si kwa kungoja siku yenyewe, maana mizizi haizami ardhi ikiisha kukauka. Na asome na kuomba kila siku nyumbani pamoja na watoto wake, ijapokuwa ni kwa dakika chache. Asiende kanisani mchana na kwa mpiga ramli usiku, kwa kuwa mpiga ramli hana budi kutaja jina la mtu. Awatembelee wazee wa jirani na kula nao wakati wa amani. Waraka wa Yakobo umefanya kuwaangalia wajane kuwa kipimo cha dini iliyo safi. Na akisikia uvumi unaanza sokoni au kisimani, asiupitishe. Ampelekee chifu habari mapema, naye mwenyewe akakae pamoja na yule anayesingiziwa.

Hilo la mwisho ndilo gumu. Kundi la watu wenye hasira humtisha hata shujaa, na anayemtetea mshukiwa aweza naye kuitwa mchawi. Wahenga walisema, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Wala hapana dhiki kubwa kuliko ya mzee aliye peke yake, huku akisikia sauti za watu wakija na mienge. Mkristo aliyezoea kuingia katika nyumba ile wakati wa amani ndiye atakayeweza kusimama mlangoni pake usiku huo.